Kituo cha QT Kihonda: wanaopiga simu saa nane na nusu

Mimi ni fundi cherehani, na riziki yangu kwa miaka 13 sasa inatokana na sare za shule. Si mtu wa kuandika maoni ya vitu mtandaoni. Nikiuziwa pasi mbovu naibeba dukani, tunagombana, yanaisha. Hii naiandika kwa sababu kila Januari wateja wananiuliza swali lilelile wakiwa wamenyoosha mikono niwapime: "Yule binti yako alisomea wapi?" Nimechoka kujibu na pini mdomoni.

Jina la kituo silitaji. Kuna mambo nitayasema hapa si mazuri, halafu penyewe ni padogo, wakimiminika watu mia mbili hata hizo simu hawatapata muda wa kuzipiga. Kiko Kihonda, hapa Morogoro, kimepanga madarasa ya shule ya msingi na kinaanza watoto wakishatoka. Wanaosoma pale ni mchanganyiko: wasichana waliojifungua, vijana wa bodaboda, dada wa kazi wawili ambao mabosi wao wamewaruhusu, na mzee mmoja mlinzi anayeingia darasani akiwa na sare ya kazini kwa sababu akitoka hapo anakwenda lindo moja kwa moja.

Kwa asiyejua QT: mtu aliyeishia njiani kabla ya kuvuka kidato cha pili hawezi kurukia mtihani wa kidato cha nne. Anapita kwanza kwenye Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, ndio huo QT (Qualifying Test), na akifaulu ndipo anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba ya mtihani ya mwanafunzi wa shule inaanza na S, ya QT inaanza na Q, ya kujitegemea inaanza na P. Binti yetu alikuwa na msemo wake: "Mama mkubwa, nimetoka S, nimetua Q, sasa naitafuta P."

Huyu binti ni mtoto wa mdogo wangu. Aliletwa kwangu kutoka Kilosa Oktoba 2021, yuko kidato cha pili, ana miaka 16 na tumbo la miezi mitano chini ya khanga. Shule ya kata ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, akatokea wa bodaboda wa kumpa lifti. Mengine mnayajua. Sheria ya kumpa mwanafunzi mimba ni jela miaka 30, lakini tulipoanza kumuulizia mwenyewe alikuwa ameshapanda basi la Kahama.

Tarehe 24 Novemba tuko kibandani, redio inaongea, nikamsikia Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, akisema wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya kujifungua wanaruhusiwa kurudi shule. Nilitoa mguu kwenye cherehani. Tangu mwaka 2017, Rais Magufuli aliposema hadharani kwamba aliyepata mimba harudi shuleni, sisi mafundi wa sare tulikuwa tumeshazoea: skirti inaletwa mara moja kupanuliwa kiuno, mara ya pili hailetwi. Binti alikuwa anashona vifungo. Hakunyanyua kichwa. Alisema tu, "Mimi si nimeshakuwa mtu mzima."

Julai 2022, mtoto ana miezi mitano, alirudi kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa mjini. Alikaa siku nne. Walimu hawakumfanyia ubaya wowote, nasema ukweli. Ila maziwa yalikuwa yanavuja kwenye shati jeupe nililomshonea kwa mikono yangu, na mwenzake wa dawati moja, katoto ka miaka 14, akamwamkia shikamoo. Alinisimulia huku anacheka. Siku ya tano hakuamka.

Ndipo nikaingia kwenye biashara ya vituo.

Cha kwanza kilikuwa katikati ya mji, ghorofani, bango kubwa lenye picha za waliofaulu, feni, viti vya plastiki vipya. Fomu 10,000, ada ya mwaka 300,000, ukilipa yote kwa mkupuo unapunguziwa 30,000. Nililipa kwa mkupuo kwa sababu fundi ukiwa na hela Agosti, Septemba huna. Masomo yalikuwa mwalimu kuingia, kuwasomea noti, kutoka. Asiyewahi kuandika anauziwa kivuli cha noti pale mapokezi kwa 2,000. Sikuona tatizo. Binti anaondoka na begi saa tisa, anarudi saa kumi na mbili jioni, daftari zimejaa.

Januari 2023 mteja mmoja akaniambia, bila nia mbaya, kwamba binti yangu ana mkono mwepesi wa kusuka. Kusuka wapi? Nikafunga kibanda nikapanda ngazi za kituo. Karani alinikaribisha vizuri, akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akafika kwenye jina, akanitazama kwa tabasamu: "Mama, huyu hadaiwi."

Nikamwambia sijauliza deni, nauliza kama anakuja. Akarudi kwenye daftari lilelile, akalitazama tena kama vile jibu litabadilika. "Hadaiwi kabisa." Lilikuwa ndilo daftari pekee walilokuwa nalo. Binti alikuwa hajakanyaga pale tangu katikati ya Oktoba. Miezi mitatu alikuwa saluni ya rafiki yake, anasuka watu, na noti ananunua Ijumaa kwa hela ya kusuka, anazinakili usiku ili nisigundue. Yaani kazi ya kunificha ilikuwa kubwa kuliko ya kusoma.

Nilimwuliza kwa nini aliacha. Nilitegemea sababu nzito. Alisema Oktoba mtoto aliumwa wiki moja, alipotaka kurudi akaona aibu kuingia darasani akiwa hajui wamefika wapi, akasema ataingia Jumatatu. Jumatatu mvua ikanyesha. Akasema Jumanne. Basi.

Hapo ndipo mimi mshona sare nilipoelewa kitu nilichokuwa nakishika mikononi kila siku bila kukisoma. Mtoto haachi shule kwa siku moja. Skirti inashushwa pindo mara moja, halafu kifungo kinakatika hakirudishwi, halafu sweta linaazimwa na mdogo wake, halafu mama mtu anakuja kuuliza kama ninanunua sare zilizotumika. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa tangu 2016, na ni jambo kubwa, lakini kuna nauli, kuna mchango wa chakula, na kuna mimi hapa na shati la 12,000 na skirti ya 15,000. Vinamtoa mtoto kidogokidogo, siku mbili kwa wiki, siku tatu, na kama hakuna mtu anayehesabu siku, siku ya kuacha yenyewe haina tarehe.

Sasa kituo cha Kihonda.

Nilikwenda Februari 2023 nikiwa na hasira na hela kidogo. Nilimkuta Madam mmoja, mwembamba, ana simu ndogo ya kitochi imefungwa raba na kauntabuku la kurasa nyingi limevalishwa gazeti. "Shikamoo mama, karibu." Kabla hajanitajia bei aliniuliza namba tatu za simu: yangu, ya jirani anayekaa nyumbani mchana, na ya mtu ambaye binti mwenyewe anamsikiliza. Hiyo ya tatu nilikuwa sina. Binti ndiye aliyeitaja: bibi yake, Turiani. Mimi nilidhani ananisikiliza mimi.

Kazi ya lile kauntabuku ni hii. Vipindi vinaanza saa nane na robo. Saa nane na nusu Madam anaita majina, halafu anakaa kwenye ngazi ya darasa na kitochi chake anampigia kila ambaye hayupo. Siku hiyohiyo. Hasubiri wiki iishe. Hagombi pia, nimewahi kusimama karibu nikasikia: "Uko wapi? Mtoto anaendeleaje? Leo tuko kwenye mito, ukurasa wa 41. Kesho tutarudia dakika kumi za mwanzo, njoo." Anakata. Yale maneno ya "tutarudia dakika kumi" ndiyo yangemwokoa binti yangu ile Oktoba. Halafu anaandika herufi moja kwenye kisanduku: M ni mtoto anaumwa, K ni kazi, N ni nauli, A ni aibu. Ndiyo, ana herufi ya aibu. Aliniambia A zikiwa mbili mfululizo hapigi tena simu, anakwenda nyumbani.

Mama yangu alisoma ngumbaru miaka ile ya sabini, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Nilipomsimulia habari za Madam hakushangaa. Alisema na wao mwalimu wao alikuwa anawafuata mpaka shambani, usipoonekana jioni mbili anakuja kukaa kwenye kinu chako anakungoja umalize kutwanga.

Mwezi wa nne Madam aliniita. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumtetea binti. Akafungua kauntabuku, akaweka rula ya mbao chini ya jina lake, akaniambia nisome mwenyewe. Jumatatu alama ya vyema, Jumanne vyema, Jumatano vyema, Alhamisi vyema, Ijumaa K. Wiki iliyofuata, Ijumaa K. Iliyofuata, K. Ijumaa saba kati ya tisa. "Mama, sijui ni kazi gani hii ya Ijumaa," akasema, akanyamaza, akaanza kuchonga penseli.

Kazi ya Ijumaa ilikuwa yangu. Ijumaa ndiyo napeleka oda, na nilikuwa namtuma Msamvu kufuata nyuzi na zipu kwa sababu anajua rangi. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Ijumaa ndiyo kulikuwa na Hisabati na Kiingereza. Nilikuwa nalipa 25,000 kwa mwezi kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili namtoa darasani. Tangu siku hiyo nyuzi nafuata mwenyewe Alhamisi asubuhi, na kama nimesahau rangi nashona na niliyonayo, samahanini wenye skirti zilizotoka na uzi wa bluu iliyokoza.

Kitu kingine kizuri ni mlezi. Chini ya mwembe nyuma ya madarasa kuna mama mtu mzima na mikeka miwili, anashika watoto kwa 500 kwa siku. Si kitu cha kifahari. Ndoo ya maji, beseni, midoli ya vizibo vya chupa. Lakini mwanafunzi anasikia mwanawe akilia, anatoka, ananyonyesha, anarudi, na mwalimu hasimamishi somo wala hamtazami. Mjukuu wangu alijifunza kutembea pale. Nasikia huwa anahesabu moja mbili tatu kwa sauti ya kughani kama darasa la kwanza, kaipata kwa watoto wa shule ya msingi wanaochelewa kwenda nyumbani.

Kasoro zipo, tena nyingine si ndogo.

Hisabati. Mwalimu wa Hisabati aliondoka Juni 2024 akapata ajira, na hadi Septemba hakukuwa na mwingine. Ada haikupunguzwa. Nilipouliza nikaambiwa wanatafuta. Miezi mitatu, mwaka wa mtihani! Huko simu zilikuwa zinapigwa kama kawaida, lakini mwanafunzi anakuja kukuta ubao una swali la wiki iliyopita. Kumvuta mtu darasani halafu usiwe na cha kumpa ni kumfundisha kwamba hata akikosa hakosi kitu, na niliwaambia hivyo hivyo kwenye kikao.

Madawati ni ya darasa la tatu. Mzee mlinzi anakaa upande, magoti nje. Masika, mvua ikipiga bati mwalimu anaacha kusema, watu wanasoma kimya. Baiolojia wamefundishwa kwa michoro tu, darubini wameiona kwenye kitabu. Vyoo sisemi. Risiti ni za kuandika kwa mkono, nimezitunza zote, na ningependa siku moja nipate ya mashine.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema: kituo hiki si kituo cha mtihani. Kusajiliwa unakwenda shule nyingine, mwanzoni mwa mwaka, na ada ya mtihani ni juu yako. Mimi nililipa 30,000 ya QT na mwaka uliofuata 50,000 ya kidato cha nne, mbali na picha na kwenda na kurudi. Ukichelewa dirisha la kawaida unalipa na faini. Mwaka wa kwanza tulifika siku mbili kabla ya Februari kwisha, jasho linatutoka.

Na zile simu zenyewe, kuna wakati zinakera. Tulifiwa, nikatoa taarifa, bado saa nane na nusu kitochi kikaita nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba. Nilipokea kwa sauti ambayo sijivunii. Madam akatoa pole, akaandika, na jioni alikuja na kilo mbili za sukari.

Matokeo, maana ndiyo mnayotaka. QT Novemba 2023 alifaulu. Kidato cha nne alifanya Novemba 2024, masomo saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia, Hisabati. Januari 2025 yakatoka: C tatu, D tatu, na F ya Hisabati. Pointi 26, daraja la nne. Zingekuwa 25 ni daraja la tatu. Mnaelewa sasa kwa nini ile miezi mitatu bado naitaja. Lakini ana vyeti vyake, na sasa yuko chuoni anasoma ngazi ya cheti, maendeleo ya jamii. Ijumaa hayupo kabisa na nyuzi zangu ni shauri yangu.

Kwa nani kituo hiki kinafaa? Kwa aliyezidi umri, mwenye kazi au mwenye mtoto ambaye amejaribu shule ya kawaida ikamshinda. Kama binti yako amejifungua karibuni na ana moyo wa kurudi shuleni kwake, mpeleke shuleni kwake, ruhusa ipo tangu 2021, usikubali mtu akuambie QT ndiyo njia pekee. Na kama ni mtoto aliyekosa hata shule ya msingi, huku siko. Ulizia MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, kwenye shule ya msingi iliyo karibu.

Nawapa nyota nne. Ingekuwa Madam peke yake ningempa tano na skirti moja ya bure. Ukienda kutazama kituo chochote, hiki au kingine, usiende siku ya kujiandikisha. Nenda katikati ya wiki, ikiwezekana mvua inanyesha, uombe uoneshwe daftari la mahudhurio la wiki iliyopita. Wakikuletea la ada, shuka ngazi.

Kabatini kwangu kuna sare tatu zilizopimwa Desemba, zimelipiwa nusu, hazijafuatwa mpaka leo ninapoandika, na shule zilishafunguliwa zamani. Miaka yote nilikuwa nangoja miezi sita ipite niziuze. Jana saa nane na nusu nilifungua daftari langu la vipimo, namba za simu zipo pembeni ya viuno, nikapiga. Wa kwanza hakupokea. Wa pili ilipokelewa na mtoto mwenyewe, nikamwambia skirti yake iko tayari, hela iliyobaki tutaongea na mama, njoo uichukue. Akauliza kama Jumamosi nitakuwepo. Wa tatu nampigia kesho.